Kimbo ni Kimbo

"Usinikodolee macho hivyo, Mama Dorkas. Nimekuomba kidole kimoja tu."

Florian alikuwa anatafuna muhogo wa kuchemsha. Chembe nyeupe zilimruka mdomoni zikatua juu ya benchi la Wegesa, mama yake Dorkas, kati ya mkasi wa bati na jiko la mkaa, na moja ikamwangukia Wegesa mkononi. Hakuifuta. Aliiacha pale, akaihisi inapoa juu ya ngozi.

Chini yao, kwenye vumbi la soko la Mwigobero, yalikuwa yamepangwa makopo kumi na matano ya kimbo. Yote yalikuwa matupu na yote yameoza vitako. Yalinuka mafuta ya zamani yaliyochacha.

"Kitako kikioza unakibadilisha. Si ndiyo kazi yako?" Florian akaendelea. "Sasa badilisha. Ila kipya usikipachike pale kilipokuwaga. Kishushe kidole kimoja."

"Kopo litakuwa refu."

"Nani ataliona refu?"

"Na halitakuwa kimbo tena."

Florian akacheka, akajipangusa vidole kwenye kopo la karibu. "Sikiliza, mama. Mtu anaingia dukani anasema nipe kiwi. Anapewa dawa ya viatu yoyote iliyopo, anashukuru. Mwingine anataka omo. Anafungiwa sabuni ya unga kwenye gazeti, hata boksi lake hajawahi kuliona, anashukuru. Ameita jina, amepewa jina, ameondoka. Wewe niachie ile rangi ya ubavuni tu. Hao mama zako wauza dagaa wa Kiriba wataita kimbo wenyewe, sitawafundisha."

Alisema kweli, na ndiyo maana Wegesa alichukia kumsikiliza. Watoto waliozaliwa Musoma katika miaka ya foleni hawakujua kwamba kimbo lilikuwa jina la mafuta ya kupikia. Mafuta yenyewe yalipita mpakani Sirari kwa kificho, yakaliwa na wachache, yakaisha. Makopo yakabaki. Yakawa ndiyo kipimo cha mtama, cha maharage, cha karanga, cha dagaa. Zamani walikuja watu wa ushirika na mizani yao ya kuning'iniza. Mizani ikavunjika springi, haikuletwa nyingine, na watu wa ushirika nao wakaacha kuja. Sasa, mwaka huu wa themanini na saba, biashara ilikuwa ruksa. Mwenye gari alinunua alichotaka, alipotaka, kwa kopo alilokuja nalo mwenyewe.

Wegesa alikuwa fundi bati. Alirithi benchi na jiko kutoka kwa mumewe, Burito, aliyefariki miaka minne nyuma, na wanaume waliokuja kumcheka wiki ya kwanza walirudi wiki ya tatu na ndoo zao zinazovuja. Alitengeneza vibatari, mirija ya kumiminia mafuta ya taa, mabeseni madogo ya kuogeshea watoto. Lakini fundi bati bila lehemu ni mtu anayekunja makopo tu. Kwa miezi mitano hakuwa na lehemu. Alikuwa anayeyusha vipande vya rejeta mbovu za magari, na kila alichounga kilidondoka kabla ya mwezi kuisha.

Florian akaingiza mkono mfukoni akatoa mzingo wa waya wa lehemu. Mpya, unang'aa, mzito. Akauweka juu ya benchi, katikati ya zile chembe za muhogo.

"Na ukiisha, nitaleta mwingine," alisema.

Wegesa aliupima uzito kwa kiganja. Kisha akavuta kopo la kwanza.

Alifanya kazi siku mbili. Alikata vitako vilivyooza, akakata pete za bati kutoka makopo mengine, akaziunga chini, akapachika vitako vipya kidole kimoja chini ya pale vilipotakiwa kuwa. Hakujua kufanya kazi mbaya. Mshono ulikuwa mwembamba kama uzi, umepanguswa vizuri kwa kitambaa, na kopo liliposimama lilisimama wima bila kutikisika. Sokoni kila kopo lilikuwa na kiraka. Haya yalikuwa na viraka vizuri kuliko yote.

Burito alikuwa na desturi ya kugonga nukta tatu kwa ncha ya msumari kwenye mshono wa kila alichotengeneza, ili kibatari kikivuja mwenye nacho ajue pa kukirudisha. Wegesa aliiendeleza. Mkono wake uligonga zile nukta kama mtu anavyofunga kifungo cha mwisho cha shati, bila kufikiri. Alipomaliza kopo la kumi na tano ndipo alipoona alichofanya. Kumi na matano yote, nukta tatu, nukta tatu, nukta tatu.

Florian alikuwa tayari anayapakia kwenye gunia. Wegesa akajiambia kwamba hakuna mtu anayetazama kitako cha kopo.

*

Miezi miwili baadaye alikwenda Kiriba kumsalimia mama mkwe wake, Petronila, akiwa amembebea kibatari kipya. Alipanda pikapu ya asubuhi, akashuka na vumbi hadi kwenye nyusi. Alipobisha hodi, Petronila hakutoka kumpokea mzigo kama siku zote. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya beseni la dagaa wakavu, ameshika kopo lake la zamani la kupimia, macho yamemvimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja siku mbaya, Mama Dorkas. Kaa. Kuna uchafu umeingia kwenye hii nyumba."

Nje, nyuma ya jiko, mtu alikuwa anakoka moto. Alikuwa Esta, mke wa Masatu, mdogo wake marehemu Burito. Binti wa kutoka Nyamuswa, upande wa Bunda, mwaka wa pili sasa katika boma lile. Aliinua kichwa, akamwona Wegesa, akakiinamisha tena. Hakusalimia.

"Kafanya nini?"

"Muulize mwenyewe kama atasema. Mimi nitakuambia nilichokiona kwa macho yangu." Petronila akalisukuma beseni kwa mguu. "Nikipima dagaa yangu hapa nyumbani, na kichwa juu, inakuwaga kimbo kumi na mbili. Huyu anajitwika, anakwenda ziwani kwa mnunuzi. Kule inapimwa kimbo kumi. Mara ya kwanza nikasema labda imemwagika njiani. Mara ya pili nikasema huyu anaiba, anauza pembeni apate omo na mafuta ya kujipaka. Si unajua wasichana wa siku hizi? Mara ya tatu nikalifunga beseni mwenyewe kwa kitenge. Fundo langu. Nikamfuata nyuma hatua kwa hatua, mama, jicho kwenye fundo. Tumefika, nimefungua mwenyewe. Zikatoka ngapi?"

Wegesa alikuwa akilitazama lile kopo la zamani.

"Kumi! Fundo halijaguswa!" Petronila akashusha sauti. "Huyo haibi kwa mikono. Ana chuma ulete. Anavuta mali ya mtu bila kuigusa."

Wegesa akakiweka chini kibatari alichokuwa bado amekishika.

"Mama, na kama ni kopo?"

"Kopo gani?"

"La mnunuzi. Kama si sawa na lako?"

Petronila akamwangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa. "Kimbo ni kimbo, mwanangu. Lina rangi ile ile, maandishi yale yale. Na unafikiri mimi mjinga? Nililigeuza lile kopo nikalitazama chini. Unajua niliona nini? Nukta tatu. Alama ya mwanangu." Akajipangusa macho. "Nilikaa pale mchangani nikalia, Mama Dorkas. Burito amekufa lakini kazi yake bado inapimia watu. Mwanangu hakuwahi kumdhulumu mtu hata kibatari. Kopo la Burito liseme kumi, na huyu wa Nyamuswa aseme hakuchukua, nimwamini nani?"

Nyuma ya jiko, Esta alikuwa anapuliza moto. Alipuliza, akapuliza, ingawa moto ulikuwa umeshawaka.

"Leo ni mara ya mwisho," Petronila alisema. "Zikitoka kumi tena, kesho anapanda gari la Bunda anarudi kwao. Masatu nimeshamwambia. Amekubali."

"Amekubali?"

"Angesemaje? Watoto wameanza kumkimbia huyo akienda kuchota maji. Jana mtu katupa jiwe kwenye paa la jiko. Mimi namwondoa kabla hawajamfanyia kitu kibaya zaidi. Namsaidia."

Wegesa alitoka nje. Esta alisimama, akajipangusa majivu kwenye kanga.

"Dada," alisema polepole, "mimi hata sijui hiyo dawa inafananaje. Ila nimeanza kujiangalia mikono. Labda nafanya bila kujua."

Wegesa aliitazama ile mikono yenye majivu. Akarudi ndani, akalichukua lile kopo la zamani la Petronila, akalitia kwenye kikapu chake chini ya kitambaa, akasema kwamba angependa kuwasindikiza.

*

Pale ufukweni wanawake kama ishirini walikuwa wamekaa mchangani na mabeseni yao. Inzi walikuwa wengi kuliko mchanga. Gari la Florian lilikuwa limesimama kivulini, na mwenyewe alikuwa katikati, suruali imekunjwa hadi magotini, anapima. Alikuwa anachota kwa kopo, anarundika kwa mkono hadi dagaa wanateremka pembeni, kisha anabonyeza kwa kiganja, anarundika tena.

"Acha kukandamiza, Florian!" mwanamke mmoja alisema. "Hiyo ni dagaa, si tumbaku."

"Mama, nawapumzisha tu. Wamechoka na safari."

Wakacheka. Hilo ndilo lililomchefua Wegesa kuliko harufu: walikuwa wanacheka.

Alimvuta Florian hadi nyuma ya gari.

"Ondoa hayo makopo. Leo. Mtoto wa watu anafukuzwa kama mchawi kwa sababu ya kidole chako."

"Kidole changu?" Florian akamtazama, akatabasamu. Katikati ya meno yake ya mbele palikuwa na gamba la samaki. "Mimi sijui hata kushika mkasi. Ukiropoka, unaropoka juu yako na marehemu mumeo. Alama yenu hiyo, si yangu." Akafungua mlango wa gari, akachukua mzingo wa lehemu, akampenyezea kwenye kikapu. "Nilikuahidi, na mimi huwa natimizaga. Nenda kanywe chai kwa mkweo."

Ule mzingo uligonga kopo lililokuwa chini ya kitambaa. Ukatoa sauti ndogo ya bati.

Walipozunguka gari, zamu ya Petronila ilikuwa imefika. Alikuwa amefungua fundo lake mwenyewe mbele ya watu wote, na alisimama na mikono nyuma kama shahidi mahakamani. Esta alisimama hatua tano nyuma, peke yake. Wanawake walikuwa wamejisogeza, wamemwachia duara la mchanga mtupu, na mmoja alikuwa amemfunika mtoto wake uso kwa kanga.

Florian akaanza kupima. "Moja." Akamwaga kwenye gunia. "Mbili."

Wanawake wakahesabu naye kwa midomo bila sauti. Ilipofika nane beseni lilikuwa linaonyesha kitako chake. Tisa. Alikusanya waliobaki kwa viganja viwili.

"Kumi, mama."

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye matete. Petronila hakumtazama Esta. Alisema tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza chumvi, "Basi. Kafunge nguo zako."

Wegesa akapita katikati yao. Alilichukua kopo mkononi mwa Florian kabla hajajua, akaingia ziwani hadi maji yakamfika kwenye mashavu ya miguu. Akatoa kopo la Petronila kwenye kikapu.

"Mama, hili ni la nani?"

"Langu. Umelileta la nini?"

"Angalieni wote."

Alilizamisha kopo la Petronila, akalitoa likiwa limejaa hadi mdomoni, likidondosha. Kisha akamimina maji yote, taratibu, ndani ya kopo la Florian. Akalibeba kwa mikono miwili hadi mchangani, akalisimamisha mbele ya miguu ya Petronila. Likasimama wima, bila kutikisika.

Maji hayakufika juu. Yaliishia upana wa kidole chini ya mdomo.

Petronila akainama, akaingiza kidole chake ndani ya kopo, akagusa maji, akatoa kidole, akakitazama kilipolowa.

"Alama ya Burito iko chini," alisema.

"Alama ni ya Burito, mama. Kopo nimelitengeneza mimi. Kitako nimekishusha mimi. Yote kumi na matano. Nililipwa lehemu." Wegesa akauchukua mzingo kwenye kikapu, akautupa mchangani. "Kama hii. Esta hajachukua hata dagaa mmoja."

Petronila alimpiga kofi. Halikuwa la nguvu. Mkono wa mzee uliteleza shavuni ukaishia shingoni. Baadaye Wegesa angekumbuka jinsi ulivyonuka dagaa.

Wote wakamgeukia Florian. Florian alikuwa ameshajiandaa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, anajitoa lile gamba menoni kwa ukucha.

"Kwani nimemshikia nani bunduki?" aliuliza. "Hii ni biashara huru, mama zangu. Kopo langu ndilo hili. Anayelitaka auze, asiyelitaka aanike hadi watu wa mjini wasahau kula dagaa. Mnataka tuliite kimbo kubwa? Tuliite kimbo kubwa. Mimi nina wauzaji Bunda, nina Majita yote. Nipakie niondoke?"

Wegesa alisubiri wamrukie. Alisubiri jiwe, tusi, mchanga wa macho. Aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, na wao walikuwa wanatazama mabeseni yao.

Yule aliyemkataza Florian kukandamiza ndiye aliyesema kwanza. "Lakini na wewe Mama Dorkas, ungetuambia pembeni. Sasa mtu wa watu akikasirika akaondoka, hii dagaa tutamuuzia nani? Wewe utainunua?"

"Na fundi ni yeye mwenyewe," mwingine akadakia. "Anajifanya padri."

"Florian, basi usirundike sana," wa tatu akasema, sauti imejaa maombi. "Kimbo kubwa sawa, ila usirundike kichwa."

"Hilo tunaongea," Florian alisema, akainuka. "Mimi si mnyama."

Akaliokota kopo miguuni mwa Petronila, akayamwaga maji mchangani, akalikung'uta. Mwanamke wa zamu iliyofuata akasogeza beseni lake mbele. Florian akachota.

"Moja."

Wegesa akawapa mgongo. Alikwenda nyuma ya mtumbwi uliopinduliwa, akainama, akatapika chai yote ya asubuhi, huku nyuma yake anasikia mbili, tatu, nne, na mtu anacheka tena.

Aliporudi alikuta Petronila amelimwaga mchangani gunia lililopimiwa dagaa wake, amerudisha dagaa kwenye beseni pamoja na mchanga na majani makavu. Alikuwa amekataa kuuza peke yake kati ya wanawake ishirini. Alikuwa amelifunga fundo. Beseni lilikuwa zito kwa mzee, alilijaribu, likamshinda.

Esta alikuwa ameingia ziwani. Hakwenda mbali. Alisimama maji yakiwa magotini, mgongo ameelekeza kijijini, ananawa mikono. Alisugua kiganja kwa kiganja, kisha nyuma ya mkono, kisha katikati ya vidole, kimoja kimoja, bila haraka.

"We Esta," Petronila aliita. "Njoo unitwike."

Esta alikuwa amefika kidole cha nne.

"Mwanangu. Esta."

Korongo mmoja mkubwa, kichwa kipara, alikuwa amekuja kutembea karibu na beseni, hatua kwa hatua, kama mtu aliyefunga mikono nyuma. Petronila hakumfukuza. Aliondoa kilemba chake kichwani, akakikunja kuwa kata, akakishika kwa mikono miwili kifuani.

"Mama," alimwambia Esta. Alisema kwa sauti ndogo kiasi kwamba Wegesa, aliyesimama pembeni yake, ndiye pekee aliyesikia kwa hakika. "Mama, nakuomba."

Maji yalikuwa yanampiga Esta magotini, yanarudi, yanampiga tena. Alihamia mkono wa pili.